Usipoziba Ufa wa Jino

Umewahi kushika nusu ya jino lako kiganjani, nusu nyingine ikiwa bado imo kinywani? Mimi yalinipata hayo mwaka 2009, mchana kweupe, mbele ya majirani.

Siku hiyo tulikuwa katika mwethya, yaani kazi ya pamoja kama tuiitavyo sisi Wakamba. Tulikuwa tukijenga bwawa la mchanga kwenye kijito kilicho chini ya vilima vya Mbooni, mwendo wa miguu kutoka soko letu la Kikima. Saa saba akina mama wakatuita chini ya mti na sufuria ya muthokoi ikafunuliwa. Kwa asiyejua, muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Ni chakula cha wenye meno. Nilitia kijiko cha tatu kinywani, nikatafuna, nikasikia "kwa!" kama kijiti kikavu kilichokanyagwa. Sikuhisi maumivu hata chembe. Nilipotema, niliona kipande cheupe ambacho hakikuwa hindi.

Lilikuwa gego langu la chini, upande wa kulia. Na la kusikitisha ni kwamba gego hilo lilikuwa limekwisha kutibiwa. Miezi saba kabla ya hapo lilinikosesha usingizi wiki nzima. Nikapanda matatu hadi mjini, nikapata daktari wa meno aliyenieleza kwamba uozo ulikuwa umefika kwenye kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino yenye neva na mishipa ya damu. Palikuwa na njia mbili: kung'oa, au kutibu mizizi. Nikachagua kutibu. Akanidunga sindano ya ganzi, akatoboa jino, akakitoa kiini chote, akasafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Juu akaweka dawa nyeupe ya kuziba kwa muda. "Rudi baada ya wiki mbili," akaniambia, "tumalizie."

Sikurudi. Jino lilikuwa limenyamaza, na mwezi uliofuata ulikuwa wa karo. Mimi ni mwalimu, na mshahara wa mwalimu unaujua. Nikajiuliza: kuna nini tena cha kumalizia na hali siumwi? Wala sikuwa nimeelezwa kinaganaga kwamba kile kizibo kilikuwa cha wiki chache tu. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi saba, hadi siku ile ya muthokoi.

Nilipofika kwa daktari mwingine na kipande changu kikiwa kimefungwa ndani ya leso, alitazama, akapiga picha ya eksirei, akatikisa kichwa. Jino lilikuwa limepasuka hadi chini ya ufizi, na mate yenye viini vya maradhi yalikuwa yameingia tena kwenye mizizi. Halikuwa na tiba ila kung'olewa. Nikang'olewa. Pesa za matibabu ya kwanza zikawa zimetupwa mtoni, na tangu siku hiyo natafuna kwa upande mmoja kama mbuzi mzee.

Ningeyaweka haya kuwa siri yangu, msomaji, lau si yaliyotokea miaka tisa baadaye.

Mwaka 2018 binti yangu alikuwa kidato cha tatu. Alirudi nyumbani likizo ya Agosti shavu limevimba. Usiku wa kwanza alilia kimyakimya akidhani hatumsikii. Nikakumbuka dawa ya nyanya yetu, tuliyemwita Susu. Susu alikuwa mmoja wa wazee waliochongwa meno ya mbele yakawa na ncha, kama ilivyokuwa desturi ya Wakamba zamani, na aliyajua maumivu ya jino kuliko sisi. Dawa yake ilikuwa karafuu, ile ya Unguja na Pemba, iliyouzwa dukani kwa vijiko. Nikanunua kichupa cha mafuta ya karafuu, nikalowesha pamba, nikaiweka ndani ya shimo la jino. Binti akalala.

Asubuhi nikamwambia mke wangu, "Tumpeleke akang'olewe. Kutibu mizizi ni kutupa pesa. Mimi nilitibiwa na jino likavunjika."

Mke wangu alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka. "Baba watoto," akasema, "jino lako halikuvunjwa na matibabu. Lilivunjwa na kutorudi. Mtoto huyu hatabeba pengo la uvivu wa babake."

Maneno hayo yaliniingia. Usidhani ni rahisi mtu kuambiwa hivyo nyumbani kwake. Lakini kweli ni kweli hata ikisemwa jikoni.

Tukaenda Machakos. Daktari tuliyempata alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alipomaliza kumpima binti, nilimweleza hofu yangu bila kuficha: "Daktari, naogopa. Langu lilitibiwa, na bado likavunjika."

"Mwalimu," akanijibu, "hapo mwisho liliwekwa nini juu yake?"

Nikakiri kwamba halikuwekwa kitu. Ndipo akavuta kiti, akanipa somo ambalo nataka nikupe nawe leo, maana naamini wako wengi walio katika kosa langu.

Alisema hivi. Watu hufikiri kwamba kazi kubwa ni ile ya ndani ya mizizi. Ni kazi kubwa kweli, lakini ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuziba juu, na kuziba barabara. Jino lililotolewa kiini limetobolewa katikati, limebaki kuta zilizosimama zenyewe kama nyumba iliyoezuliwa paa. Kila unapotafuna, kuta hizo husukumwa nje kidogo. Na kwa kuwa neva haipo, hakuna wa kukupigia kelele ufa ukianza. Jino lenye uhai hukuonya kwa maumivu. Lililotibiwa mizizi hunyamaza hadi siku ya kupasuka.

Baadaye nilipenda kujua kama hayo ni maneno ya daktari mmoja tu au yana msingi. Yana msingi. Mwaka 1995 watafiti wawili, Ray na Trope, walichapisha uchunguzi wa picha za eksirei za meno 1,010 yaliyotibiwa mizizi. Waligundua kuwa ubora wa kizibo cha juu ulihusiana na uzima wa jino hata kuliko ubora wa kazi ya ndani ya mizizi. Wataalamu waliofuata walisema yote mawili yana uzito, ila hakuna aliyesema kizibo cha juu ni pambo. Mwaka 2002 wengine wawili, Aquilino na Caplan, wakaonyesha kwamba meno yaliyotibiwa mizizi bila kuvishwa kofia yalipotea kwa kasi ya takriban mara 6 kuliko yaliyovishwa.

Basi nikamwuliza daktari, "Hicho kizibo hushikwa na nini kisidondoke?"

Akatabasamu. "Gundi," akasema.

Kusema kweli nilishtuka. Gundi ya kuunganishia viatu naijua, lakini gundi ya kukaa kinywani, palipo na maji saa zote, chai ya moto asubuhi na maji baridi mchana? Akanieleza. Zamani jino lilizibwa kwa madini ya fedha na zebaki, na fundi alichimba shimo pana ndani kuliko mlangoni ili kizibo kijibane. Halafu mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, Michael Buonocore, aliandika kwamba ukipaka asidi ya fosfori kwenye gamba gumu la nje la jino, linapata vijishimo vidogo mno ambamo ute wa plastiki huingia na kushika. Mwaka 1982 Mjapani Nobuo Nakabayashi na wenzake wakaeleza jinsi gundi inavyoweza kupenya hata dentini, yaani ile sehemu ya manjano iliyo chini ya gamba, ikasukana na nyuzi zake na kuwa tabaka moja. Kizibo cha siku hizi chenye rangi ya jino hushikwa hivyo, kisha hukaushwa kwa taa ya mwanga wa buluu.

"Lakini," daktari akaendelea, "gundi hii ina maadui."

Hapo nikamkatiza. Nilimwambia nimemfahamu, kwa kuwa mimi ni mjenzi wa mabwawa ya mchanga. Msomaji wa Makueni au Kitui ananielewa. Ukuta wa bwawa letu husimama juu ya jabali. Kabla ya kumwaga saruji tunachimbua mchanga wote hadi mwamba uonekane, tunausugua, tunauosha, tunaondoa tope na mizizi. Ukimwaga saruji juu ya tope, ukuta utaonekana mzuri siku ya sherehe. Mvua ya kwanza ikija, maji yatapenya kati ya ukuta na jabali, uzi mwembamba tu. Uzi utakuwa mfereji, na siku moja utaukuta ukuta mzima umesimama na mchanga wote umekwenda na maji kwa chini. Ukuta haukuvunjika. Kilichoshindwa ni ule mshikano.

"Mwalimu," daktari akasema, "basi sina la kukufundisha. Dentini ni jabali lako. Ngoja nikutajie tope."

Tope la kwanza lilinitia aibu. Aliniuliza, "Mtoto mmemtia nini kwenye jino? Nasikia harufu ya karafuu." Nikakubali. Akasema sikukosea kumtuliza mtoto, maana hata madaktari hutumia kiini cha mafuta hayo, kiitwacho yujenoli, katika baadhi ya dawa za kuziba kwa muda. Kinatuliza kweli. Lakini yujenoli hiyohiyo huizuia gundi isigande sawasawa. Ikibaki kwenye kuta za jino, kizibo cha kudumu hukaa juu ya kitu kilicho teketeke. Kwa hiyo daktari akijua, huisafisha vyema kabla ya kupaka gundi, au huchagua dawa nyingine. Asipojua, hawezi kujihadhari. "Msifiche mlichotia," akasema. "Hatugombi."

Tope la pili linatoka kwenye matibabu yenyewe. Mifereji ya mizizi huoshwa kwa dawa yenye klorini, jamaa ya ile tunayong'arishia nguo nyeupe, ambayo huua viini na kuyeyusha mabaki ya nyama. Hakuna njia ya kuikwepa, kwa kuwa bila hiyo mizizi haisafiki. Hata hivyo dawa hiyo huacha oksijeni ndani ya dentini, nayo oksijeni huizuia gundi isikomae. Watafiti walionyesha mwaka 2001 kwamba ukiosha dentini hiyo kwa chumvi ya vitamini C kabla ya gundi, nguvu ya mshikano hurudi. Nilicheka. Vitamini C, ile iliyojaa kwenye machungwa ya Makueni! Daktari akanionya mapema nisije nikaenda kusugua watoto machungwa kwenye meno. Asidi ya chungwa hula jino. Hiyo ni kazi ya kliniki, kwa kipimo chake.

Tope la tatu ni mate. Tone moja la mate au damu likigusa jino lililokwisha kuandaliwa, kazi hurudi mwanzo. Ndiyo maana alimfunika binti yangu kinywa kwa kitambaa cha mpira, jino moja tu likichungulia. Ukiwekewa kitambaa hicho usinung'unike kwamba unabanwa.

Na adui wa mwisho ni wakati. Hata gundi iliyopakwa vizuri huchoka. Maji huipenya polepole. Zaidi ya hayo, dentini yenyewe ina vimeng'enya vilivyolala ndani yake, ambavyo asidi ya kuandalia jino huviamsha, navyo huanza kuzitafuna nyuzi zilizoshikana na gundi. Jambo hilo lilifahamika vizuri tangu mwaka 2004, na madaktari wengine hupaka dawa ya kuua viini iitwayo klorheksidini ili kuvichelewesha vimeng'enya hivyo. Mshikano wa kwenye gamba la nje hudumu zaidi kuliko ule wa kwenye dentini, kwa hiyo fundi mzuri hulinda gamba lililosalia kwa wivu na halikwangui ovyo.

"Sasa, Daktari," nikamwuliza, "gundi yako itadumu miaka mingapi?"

Hakunidanganya. "Sikuahidi milele, Mwalimu. Nikiifanya vizuri na mkaitunza, ni miaka mingi. Lakini bwawa lako hulikagui baada ya kila mvua?"

Tulipanga hivi. Matibabu ya mizizi yalimalizika kwa ziara mbili. Mifereji ilijazwa gata-pacha, utomvu wa mti uliokauka mfano wa mpira. Siku ileile ya kumaliza, shimo likazibwa kwa kizibo cha kudumu kilichogundishwa, hatukuachiwa cha muda. Zikabaki pesa za kofia, nazo sikuwa nazo. Daktari akaziinamisha zile kuta dhaifu na kuzifunika kwa kizibo kilekile ili zisipasuke tukitafuta pesa, akatupa mpaka likizo ya Desemba. Nikamuuza ndama dume. Majirani walisema mwalimu amerukwa na akili, kuuza ng'ombe kwa ajili ya jino moja. Mke wangu hakusema kitu, ila Desemba alikuwa wa kwanza kusimama kituoni kungoja matatu.

Je, iliisha hapo? Haikuisha, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri.

Mwaka 2024 binti yangu, sasa mtu mzima anayefanya kazi Nairobi, alinipigia simu. "Baba, lile jino silisikii vizuri. Haliumi, lakini nikipitisha uzi wa kusafishia, pananuka. Na nikibonyeza kwa ulimi ni kama kofia inacheza."

Ningelikuwa mimi wa 2009 ningemwambia, "Haliumi, basi subiri mwisho wa mwezi." Nilimwambia, "Mama, leo ni Alhamisi. Kesho usilale hujamwona daktari."

Akaenda. Kofia ilitoka nzima mkononi mwa daktari. Gundi ilikuwa imechoka upande mmoja baada ya karibu miaka sita, na uozo kidogo ulikuwa umeanza pembeni. Picha ya eksirei ikaonyesha mizizi bado ni salama, maji hayajafika ndani. Uozo ukaondolewa, jino likasafishwa, kofia ikarudishwa kwa gundi mpya. Alikuwa kazini Jumatatu. Jino hilo bado analo hadi leo ninapoandika. Lingekuwa limengoja miezi saba kama langu, sasa tungekuwa tunazungumza habari ya pengo.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 34 ya watu wazima walikuwa na meno yaliyooza. Kwa hiyo huenda wewe unayesoma, au anayekaa karibu nawe hapo sebuleni, ana jino linalongoja uamuzi. Simlaumu mtu anayeng'oa kwa kukosa pesa. Najua karo ni nini, najua ukame ni nini. Lakini ukiwa umeamua kutibu mizizi, usitibu nusu. Kabla hujalala kwenye kiti kile, uliza maswali matatu: kizibo utakachoniwekea leo ni cha muda au cha kudumu? Jino hili litahitaji kofia, na gharama yake yote hadi mwisho ni kiasi gani? Nirudi lini kukaguliwa? Ukipewa tarehe, iandike kwenye kalenda ya ukutani pale mkeo au mumeo anapoiona. Mwambie daktari kila ulichotia jinoni, iwe karafuu, tumbaku au aspirini. Usitafune mahindi ya kuchoma kwa jino ambalo bado lina kizibo cha muda. Na likinyamaza, usilisahau.

Bwawa letu la kijito kile bado lipo. Kila baada ya masika tunashuka wachache, tunapita kando ya ukuta tukitazama chini kwenye jabali kama pana uzi wa maji. Mara mbili tumeukuta, tukauziba kwa ndoo chache za saruji. Kisha tunaketi chini ya mti, na akina mama hutupa muthokoi. Mimi hutafuna upande wa kushoto.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta wangu sikuujenga tena, maana jino halioti mara ya tatu. Kesho ni siku mpya, msomaji. Kama ulikuwa na tarehe ya kurudi kwa daktari ikapita, hiyo ndiyo siku ya kwenda.